Nafasi ya Sarafu Tatu

Barua ilisema saa tatu kamili asubuhi. Matrida Machage aliisoma mara nne, akaikunja, akaitia ndani ya Biblia ya mama yake, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee nyumbani mle ambacho mbuzi walikuwa hawajawahi kukitafuna. Siku ya Jumatano wageni wa shirika la wafadhili wangekuja kukagua reli yake, mita mia moja na themanini za chuma chembamba zilizoshuka kutoka kwenye machimbo ya mawe hadi chini ya kilima, huko nyuma ya Nyegina. Wakiridhika, shirika lingetoa fedha za kuifikisha hadi barabara ya lami, kilomita nne na nusu. Wasiporidhika, ingebaki kichekesho cha kijiji, na wanawake wa pale wangeendelea kubeba kokoto kichwani mpaka shingo zizame mabegani.

Mtu aliyetandika reli kwa miaka thelathini na mitano angetarajiwa asibabaishwe na mita mia moja na themanini. Matrida alibabaika. Reli zake zote zilikuwa hizi nyembamba, za upana wa futi mbili, ambazo wahandisi wenzake waliziita reli za kuchezea. Alizipitisha kwenye mashamba ya miwa, kwenye mkonge, kwenye migodi, mahali ambapo kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kushika kipimo cha njia, na hakuna kiongozi aliyewahi kukata utepe kwa ajili ya behewa la miwa. Watu wa kwao walijua tu kwamba binti wa Machage alikuwa mbali, anafanya kazi za vyuma, na kwamba ng'ombe wa mahari yake hawakuwahi kufika. Hii ilikuwa reli ya kwanza ambayo wangeiona kwa macho yao.

Kwa hiyo ekseli ya kiberenge, kile kibehewa cha kushushia kokoto, ilipopasuka siku ya Jumatatu, aliona dunia nzima inamfanyia makusudi. Jumanne alipakia ekseli kwenye bodaboda akaipeleka kwa fundi wa Nyasho, mjini Musoma, akijua atalala huko huko. Kabla ya kuondoka alimwita mdogo wake Burito, ambaye alikuwa amewasimamia vibarua wa kutandika.

"Nyasi zifyekwe, kokoto zipangwe," alimwambia. "Reli yenyewe isiguswe na mtu."

"Sawa, injinia," alisema Burito. Neno hilo kinywani mwake lilikuwa na chumvi siku zote.

Matrida alirudi Jumatano saa mbili na nusu, ekseli mapajani, mafuta ya mashine yamemchafua sketi. Ua ulikuwa umefagiliwa ukang'aa. Kuta za nyumba zilikuwa zimesilibwa upya, na mawe ya pembeni mwa njia yamepakwa chokaa. Mama yake, Ghati, mwanamke wa miaka themanini na kitu ambaye alikuwa bado anapasua kokoto kwa nyundo yake mwenyewe, alikuwa amevaa gauni la Pasaka na anatoa amri kulia na kushoto. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa, na Burito ndiye aliyekuwa anamchuna.

"Kaoge," Ghati alimwambia bintiye kabla hata ya salamu kukamilika. "Mgeni hapokelewi na mtu ananuka grisi."

"Nafunga ekseli kwanza, mama."

Alifunga ekseli. Saa tatu ikafika, ikapita. Saa tatu na nusu alipiga simu, na kijana wa upande wa pili, aitwaye Prosper, akamjibu kwa sauti ya mtu ambaye ndio kwanza anatoka kitandani kwamba walikuwa wameshatoka Musoma muda mrefu. Matrida akashukuru. Akafungua fundo la khanga yake, akatoa sarafu tatu za shilingi mia, akapanda kilimani ili aitembee njia kuanzia juu, kama alivyofanya kila siku ya kazi tangu akiwa na miaka ishirini na mitatu. Sarafu zile zilikuwa kipimo chake. Kila pale kipande kimoja cha reli kinapokutana na kingine, aliacha nafasi, na asubuhi na mapema chuma kikiwa baridi, sarafu tatu zilitakiwa kuingia bila kulazimishwa.

Kwenye kiungo cha kwanza hazikuingia. Akainama. Nafasi ilikuwa imejazwa mawe membamba, yamegongelewa barabara, na juu yake saruji imelainishwa kwa kidole kwa uangalifu mkubwa. Akakimbilia kiungo cha pili, kisha cha tatu. Alipofika cha sita hakuhitaji tena kuinama.

Hasira ilimpanda mpaka akasikia masikio yake yanachemka.

"Nani ameziba hizi?" aliuliza alipofika chini.

Ghati alitabasamu. Tangu Matrida astaafu na kurudi nyumbani, mwaka wa pili sasa, mama yake hakuwahi kumtabasamia hivyo kwa jambo lolote linalohusu chuma.

"Reli yako ilikuwa na nyufa, mwanangu. Kila mahali inapoungana, ufa. Nilisema, mgeni akiona hivi atasema mtoto wa Machage ameuziwa chuma kifupi. Tumekuja saa kumi na moja alfajiri, mimi na Jeska na wenzake, Burito bado amelala, hata uji hatujanywa. Tumepasua vipande vyembamba, tukavigongelea, juu tukapaka ile saruji ilibaki. Zote thelathini na nane. Hata maji hayapiti."

"Mama, zile si nyufa. Niliziacha mimi."

"Uliziacha za nini?"

"Chuma kikipata jua kinarefuka. Kikikosa pa kwenda kinapinda."

Ghati alimtazama kwa huruma. "Mimi sufuria yangu iko motoni mwaka wa arobaini huu. Sijaonaga imerefuka."

Wanawake wawili watatu walicheka. Jeska, mwenyekiti wa kikundi cha wapasua kokoto, mwanamke mnene mwenye vidole vilivyopondeka pondeka, yeye hakucheka. Alikuwa ameona uso wa Matrida.

"Injinia," alisema, "kwa nini hukutuambiaga? Burito na vibarua wake umewaambiaga mambo ya reli. Sisi umetuambiaga tulete mawe tu."

Matrida akavitazama vidole vya Jeska. Kwenye kazi yake ya kwanza, huko kwenye miwa, mnyapara alimpa ncha ya futi akamwambia shika hapo, na alipouliza wanapima nini akaambiwa kazi yake ni kushika. Alilia usiku ule kwa uchungu. Aliapa hatamfanyia mtu hivyo, na sasa hakukumbuka hata ni lini alianza kufanya.

"Leteni nyundo," alisema. "Na tindo, kila iliyopo. Twende."

Jua lilikuwa limeshapanda. Chuma kilikuwa kimeanza kubana, na vile vipande vya mawe, ambavyo alfajiri vingetoka kwa kugusa, sasa vilikuwa vimeng'ang'ania kati ya ncha mbili za reli. Tindo iligonga ikarudi. Ilibidi mawe yasagwe kuwa unga, chembe kwa chembe, na kiungo kimoja kilimaliza robo saa. Kazi nzuri waliyoifanya wanawake wale ndiyo iliyowaponza. Wangekuwa wazembe, saa moja tu ingetosha kuzifungua zote. Kila baada ya muda Matrida aligusa reli kwa mgongo wa mkono, na kila mara ilikuwa na joto zaidi kuliko mwanzo.

Saa tano alipiga simu tena. "Tuko hapa Nyasho tunaweka mafuta, mama," Prosper alisema. Saa sita wakasema wamefika kona. Matrida hakujua ni kona gani, maana kutoka Musoma mpaka Nyegina kona si moja. Asubuhi alikuwa ameombea wawahi. Sasa aliomba pancha, faini ya trafiki, chochote cha kuwachelewesha mpaka jioni chuma kipoe, kisha akajionea haya kwa maombi ya namna ile.

Saa saba walikuwa wamefungua viungo kumi na kimoja. Viganja vya Matrida vilikuwa vimechubuka.

"Maji," alisema. "Tuloweshe magunia tuyalaze juu ya reli pale inapokata kona. Hapo ndipo itapindia."

Maji yaliyokuwapo ni mapipa mawili yaliyoletwa na punda kutoka ziwani kwa ajili ya wageni, ya kunawa na ya chai. Ghati alisimama mbele ya binti yake.

"Maji ya wageni hayamwagwi kwenye chuma."

"Mama, nakuomba."

"Watanawa nini? Watasema nyumba ya Machage haina maji."

"Mama, reli ikipinda hakuna watakachokumbuka kuhusu maji."

Ghati akawatazama wanawake waliokuwa wamepiga magoti kilimani juani, wanagonga. Akayatazama mapipa. Kisha akakunja mikono ya gauni lake la Pasaka, akachota ndoo ya kwanza mwenyewe. Walilowesha magunia, wakayalaza, yakatoa mvuke. Baada ya nusu saa yalikuwa makavu. Wakalowesha tena, mpaka pipa la pili likabaki na maji ya kuosha glasi tu.

Wageni walifika saa nane na dakika kumi, magari mawili. Prosper alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, kofia kichwani, tableti mkononi. Alishuka, akatazama watu, akamwendea moja kwa moja Burito aliyekuwa amevaa koti la marehemu baba yao.

"Injinia Machage, samahani sana, tumechelewa kidogo."

Burito, tumpe haki yake, alionyesha kwa kidevu mahali dada yake aliposimama, vumbi la saruji mpaka viwikoni, sketi ina grisi.

"Ooh. Shikamoo, mama," alisema Prosper.

"Marahaba."

"Kumbe ndiye wewe M. Machage. Mimi nilijua ni mzee fulani, na anayenipigia simu ni mkewe."

"Wageni waanze na chakula," Ghati akadakia. Sato walikuwa tayari, mbuzi tayari, ugali unafuka moshi. Kwa mara ya kwanza siku ile mama na binti walitaka jambo moja. Laiti wangekula taratibu, wakaongea, wakaletewa chai, ingefika saa kumi na moja.

"Tutakula tukimaliza, bibi. Saa kumi tunatakiwa saiti nyingine, Bunda," alisema Prosper. "Mama, kiberenge kimepakiwa? Kishuke tu mara moja, nichukue video, tumalizane."

"Naomba tusubiri mpaka saa kumi na moja," Matrida alisema. "Reli imepata joto sana."

"Mama, reli za nchi hii zinapata joto kila siku na treni zinapita."

"Zina nafasi za kurefukia."

"Na hii haina?"

Matrida alipangusa vumbi la saruji mikononi. Nyuma yake Jeska aliificha nyundo yake mgongoni.

Kiberenge kilikuwa juu kabisa, nusu tani ya kokoto ndani yake, gogo limekingwa mbele ya magurudumu. Kibarua aliyekilinda aliinua mkono kuuliza. Burito naye akamtazama dada yake. Ilikuwa rahisi kuitikia kwa kichwa. Huenda kingepita, kama alivyopita yeye mwenyewe mara nyingi mahali asipotarajiwa kupita. Lakini hakuwahi kuruhusu gurudumu juu ya njia mbovu, si kwenye miwa, si mgodini, na wasimamizi waliokuwa na sauti kubwa kuliko ya kijana huyu walimfokea wakachoka.

"Hakishuki," alisema.

Prosper alishusha pumzi, akainua tableti akaanza kurekodi njia ilivyo, ili asirudi mikono mitupu. Ndipo ikasikika. Mlio mmoja mzito, wa chini, uliowapita watu miguuni. Kwenye kona reli iliruka pembeni ikaburuta mataruma yaliyoishikilia chini, magunia yakatupwa, kokoto zikamwagika mteremkoni. Ilipotulia, njia iliyokuwa inakata kona taratibu ilikuwa imejikunja hatua nzima nje ya mahali pake. Video ilikuwa imepatikana.

Kisha Prosper akatembea mpaka kwenye kona, akachuchumaa, akabandua saruji kidogo kwa kucha, akatoa kipande chembamba cha jiwe. Hakuwa mjinga. Akarudi amekishika.

"Mama, njoo pembeni kidogo."

Hawakuenda pembeni sana, na Ghati aliwafuata.

"Fomu inataka chanzo," alisema Prosper, na sasa sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililomuumiza Matrida kuliko ile ya kwanza. "Naona kilichotokea. Nikiandika uharibifu wa jamii, wewe huguswi, jina lako safi, tunakutafutia kazi sehemu nyingine. Tena wanakuhitaji, watu wa reli hizi wamekwisha. Ila kijiji kinatoka kwenye orodha. Hawapeleki mradi mahali wananchi wameharibu. Nikiandika kosa la kitaalamu, mradi unabaki hapa hapa. Lakini kazi inapewa kampuni, na wewe ndiyo basi. Mimi sijatunga hii fomu."

Ghati aliyasikia yote. Kiswahili kilimtoroka kama kilivyomtoroka kila alipohamaki, akaongea kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti iliyonyooka, mkono kifuani. Alisema ni yeye. Alisema wale wengine aliwaamuru, na kwamba mtoto wake hakuwepo na hakujua, na kama kuna karatasi ya kuandikwa jina, liandikwe la Ghati mke wa Machage.

"Bibi anasemaje?" aliuliza Prosper, ambaye hakuwa mtu wa Mara.

Matrida alimtazama mama yake. Kisha akawatazama wanawake, wamesimama kwenye mstari juu ya kilima na nyundo zao, wanangoja.

"Anasema chakula kinapoa," alisema.

Ghati alijua Kiswahili vya kutosha kujua kwamba maneno hayo si yake. Aliushusha mkono uliokuwa kifuani.

"Andika kosa la kitaalamu," Matrida aliendelea. "Injinia hakuwaeleza watu wake nafasi zile ni za nini."

"Hayo marefu. Kisanduku kinachukua maneno matatu."

"Basi andika: injinia hakueleza."

Akaandika. Wageni walifungiwa chakula kwenye vyombo, wakanawa kwa maji ya kuosha glasi, wakaondoka kuwahi Bunda.

Wiki mbili baadaye ujumbe uliingia kwenye simu. Habari mama, mradi umepita, hongereni sana. Kampuni itaanza mwezi ujao. Naomba ututumie michoro yako ya njia yote, itawasaidia. Hapakuwa na neno kuhusu malipo wala kuhusu jina. Matrida aliusomea ujumbe ule mlangoni, mama yake anachambua mboga.

"Watakuita?" Ghati aliuliza.

"Hapana."

"Basi usiwape."

Alitamani kutowapa. Alitamani kwa nguvu zilizomshangaza, akaenda akaifungia michoro kwenye sanduku, akapotezea siku nzima. Kesho yake akampelekea Jeska aipige picha kwa simu yake iliyokuwa na kamera nzuri, ikatumwa. Kila kwenye kiungo alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba hapa paachwe wazi. Prosper alijibu kwa neno moja, Asante.

Alfajiri ya siku iliyofuata Matrida aliamshwa na mlio wa nyundo. Alijitanda khanga akatoka. Ghati alikuwa kilimani peke yake, amekaa juu ya taruma, miguu ameinyoosha, tindo mkononi. Alikuwa anazibua. Chuma kilikuwa baridi na mawe yalitoka vizuri. Kona ilikuwa bado imejipinda vile vile.

"Hii wataing'oa, mama," Matrida alisema. "Watatandika yao."

"Najua. Lete zile hela zako."

Matrida akafungua fundo la khanga. Ghati alizishika sarafu tatu, akazipanga pamoja, akajaribu kuzipitisha kwenye nafasi aliyoizibua. Zikakwama. Akapuliza vumbi, akagonga tena kidogo, akajaribu, zikaingia mpaka chini. Akazitoa, akasogea kwa makalio mpaka kiungo kinachofuata.

"Wale wa kampuni," alisema bila kuinua kichwa. "Wakija na watu wao wa kubeba mawe, wanawake wageni hawajui. Nani atawaambia?"

"Wewe."

Ghati alipumzisha nyundo.

"Watanisikiliza mimi?"

"Hawatakusikiliza," alisema Matrida, akakaa kando yake juu ya taruma, akachukua tindo ya pili. "Hata hivyo, waambie."